Mbuzi Yuko Njiani, Mume Wangu wa Bango

Mpendwa mume wangu wa bango,

Natumai barua hii itakukuta mzima, sauti ikiwa imekauka kidogo tu. Mimi sijambo. Nilikuona juzi asubuhi pale Kathonzweni, umebandikwa kwenye geti langu.

Nasema langu, ingawa ni la mteja. Nililichomelea karakanani kwangu Kitui, nikalileta kwenu kwa pikapu, nikalifunga, nikalipaka mkono wa kwanza, nikaenda kulala. Asubuhi nikarudi na brashi kuongeza mkono wa pili, nikakuta umefika kabla yangu. Vijana wako walikubandika katikati kabisa, rangi ikiwa mbichi, kwa hivyo hutoki. Nilikukwangua kwa kisu, likatoka sikio moja na nusu ya kola. Mwenye geti akasimama nyuma yangu, akakutazama wewe, akanitazama mimi, akarudi kwako.

"Fundi," akasema, "si huyu ni wewe hapa kando?"

Nikaangalia. Kweli, nilikuwa mimi, miaka mingi na kilo nyingi zilizopita. Nimevaa sare nyeupe ya wanamaji, kofia imenyooka kuliko kichwa chenyewe. Na chini yetu wawili, maandishi mekundu: MUME WA SHUJAA, MTUMISHI WA WATU.

"Kumbe bwana yako ni mheshimiwa, na wewe unahangaika na kutu?"

"Hata mimi ndio nasikia sasa," nikamjibu. "Na bado si mheshimiwa. Ngoja wahesabu kura."

Mutisya, hebu tuongee kama watu waliokula mbuzi mmoja. Barua hii nimeiandika wazi, na nitaiacha ibandikwe popote penye nafasi, maana wewe ndiye umetufundisha kubandika. Huenda ikasomwa na wasio Wakamba, basi wacha niwaeleze. Kwetu, harusi ya kanisani ni keki. Ndoa ni ntheo. Mwanamume analeta mbuzi kwa kina msichana, mmoja anachinjwa, wazee wanakula, wenyewe wawili wanakula, basi, umekuwa mke. Hakuna mahali pa kutia sahihi. Na ndoa ikifa, inafungwa vilevile kwa mbuzi mmoja wa kukataa, anayerudishwa kwa mume. Wazee wanamwita mbuzi wa maleo. Mpaka huyo afike, hata mkikaa mbali mpaka msahauliane sura, hata mume akioa mwingine, wewe ni mke wake. Na mke huzikwa kwa mume.

Ntheo yetu ililiwa. Mbuzi wa maleo hakuwahi kurudi. Hapo ndipo umenishika, na nakupongeza, kwa sababu ni mara ya kwanza kwako kushika kitu kikashikika.

Nakumbuka ulivyokuja kwetu Tseikuru. Nilikuwa likizoni, nimetoka tu kumaliza mafunzo. Ulishuka na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Tseikuru! Baba, ambaye hadi leo anampima mtu kwa namna anavyoshika mbuzi, alikutazama ukiwavuta wale wa ntheo, wewe mbele, kamba imenyooka, wao nyuma wamekita kwato, akaniuliza polepole, "Huyu anawaleta ama wanamleta?" Nilikasirika kwa niaba yako. Nilikupenda, unaona. Alasiri ukanisindikiza mtoni kuchota maji. Mto wetu, kama unavyokumbuka, kwa miezi mingi ni mchanga mtupu. Maji yako chini, unayachimba. Ulivua vile viatu, ukaingia kwenye shimo, ukachimba kwa mikono mpaka maji yakaanza kuchuruzika. Ukachota kikopo cha kwanza, ukaninyooshea, ukasema, "Kunywa wewe kwanza." Halafu ukingo ukabomoka, mchanga ukakufika kiunoni, nikakuvuta huku nacheka mpaka nikakaa chini.

Hicho kikopo, Mutisya, nilikinywa miaka mingi sana. Ndicho kilichonichelewesha kukudharau.

Siku ya kula ntheo uliniomba nivae sare. Ukanizungusha kwa jamaa zako kama mtu aliyenunua redio. "Huyu ni wa serikali," ulikuwa unasema, "huyu ni wa meli." Ndiyo siku niliyokupa ile picha. Sasa kwenye picha yenyewe, ya siku ya kuhitimu mafunzo, tulikuwa wawili, mimi na Zuhura. Umemsahau Zuhura? Zuhura wa Kitui mjini, ambaye babu yake alitoka Pwani, kwa hivyo kila afande alidhani ana bahari kwenye damu, na hali alikuwa hajawahi kuona maji mengi kuliko ya tangi la msikiti. Kwenye picha amenishika bega, kwa sababu viatu nilivyovaa vilikuwa vyake, vimenibana, na nilikuwa karibu kuanguka mbele ya wageni waheshimiwa. Bango lako limemkata Zuhura. Lakini aliyekata alikuwa na haraka, na mkono wake umebaki. Umesimama hapo unatabasamu kama umetoka kula, na mkono wa Zuhura, wenye kovu la kisu cha jikoni, umenishika bega kwa niaba yako. Hata kunishika bega umeazima.

Kisha vita vikaanza, na meli yetu ikaelekea kaskazini.

Mwenye geti ameniambia unavyosema kwenye kipaza sauti. "Mke wangu alizamisha maharamia baharini! Mimi nitazamisha ufisadi katika wadi hii!" Watu wanapiga makofi. Basi, kwa kuwa hukuwahi kuniuliza, wacha nikusimulie vita vyangu, ili ukidanganya tena udanganye karibu na ukweli. Nilizamisha brashi. Nilizamisha ndoo ya serikali. Nilizamisha kiatu, cha mguu wa kushoto, nikakaa wiki nzima naruka kama kunguru.

Meli ya chuma juu ya maji ya chumvi ni kidonda kisichopona. Inashika kutu ukiitazama. Kazi yangu ya vita ilikuwa hiyo, kutu. Tuliamshwa kwa kipenga, tukakunja matandiko kwenye vitanda vya ghorofa, katika kijichumba chetu wanawake, ambacho zamani kilikuwa stoo na bado kilinuka stoo. Halafu napewa nyundo ndogo na brashi ya waya. Nabandua kutu, napaka ile rangi nyekundu ya chini, napaka kijivu juu yake. Nikifika mwisho wa reli za ukingoni, mwanzo umeshaanza upya. Mchana chuma kinawaka mpaka unasikia harufu ya soli zako mwenyewe. Sufuria ya ugali tulikuwa tunaifunga kwa waya isitembee, na mwiko ukiuacha unaondoka peke yake. Wiki ya kwanza sikuweza kula. Nilitapika mpaka nikafikia muthokoi wa likizo, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe. Zuhura ananishika kichwa, anageuka, anatapika upande wake, anarudi kunishika.

"Wewe Zuhura," afande mmoja akamwambia, "si nyinyi ni watu wa bahari?"

"Afande, sisi ni watu wa Kitui," akajibu bila kuinua uso. "Bahari ilibaki na babu."

Hofu pia ilikuwapo, sitakuficha. Hofu yetu ilikuwa kengele. Ikilia unaacha kila kitu, unavaa kofia ya chuma na jaketi la kuelea, na mimi nabeba masanduku ya risasi mpaka kwenye bunduki kubwa, nachuchumaa hapo, mate yamekauka, namwomba Mungu wa Tseikuru na wa Kathonzweni kwa pamoja, ikiwa mmoja ana shughuli. Mara nyingi ilikuwa mazoezi. Lakini hawakuambii ni mazoezi mpaka umeshamaliza kuomba.

Sasa sikiliza jambo ambalo hakuna baharia mwingine angelifanya. Maji ya kunywa melini yalikuwa ya kipimo, na bomba la jikoni lilikuwa linavuja. Usiku na mchana, to, to, to, yanaingia mferejini, hakuna anayeshughulika. Mimi, mtoto wa watu wanaochimba maji, nilikuwa siwezi kulala kwa ile sauti. Nikaomba mtungi wa mafuta ya kupikia uliokwisha, nikausugua, nikautega chini ya bomba. Ukijaa nausukuma uvunguni mwa kitanda, nategesha mwingine. Fikiria. Nimezungukwa na maji mpaka macho yanapoishia, na nimeficha maji uvunguni kama mtu aliyeiba.

Siku ya ukaguzi afande wetu mkuu, mtu mnene mwenye masharubu, akapiga magoti akavuta mtungi wa kwanza. Akavuta mwingine. Akaendelea kuvuta mpaka akachoka.

"Kavata. Hii ni nini iko chini ya kitanda?"

"Maji, afande."

"Maji gani?"

"Ya kunywa, afande."

Akafungua, akanusa. "Unatengeneza kaluvu kwa meli ya serikali?" Kaluvu ndiyo pombe yetu ya asali, na yeye alikuwa ameoa Ukambani, anaijua vizuri kuliko alivyotaka tujue. Akachovya kidole, akaonja, akangoja ile pombe impande kichwani. Haikupanda. Nikaona kama amesikitika.

"Sasa unamfichia nani?"

"Sisi kwetu, afande, maji haiachwi ikimwagika."

Zuhura akasema kutoka kitanda cha juu, "Afande, ushukuru hajaleta mbuzi."

Adhabu yangu ilikuwa kupaka rangi. Yaani nilipewa kazi yangu. Mitungi akaniachia. Sijui kwa nini, nadhani aliona haya kumwaga maji mbele ya mtu anayemtazama vile.

Halafu asubuhi moja kengele ikalia, na hayakuwa mazoezi. Mashua ndogo ilikuwa inakuja upande wetu, ikiitwa haijibu, ikiambiwa isimame haisimami, inasukumwa tu na mawimbi. Bunduki zikageuzwa. Mimi nimechuchumaa na sanduku langu mapajani, nasikia pumzi ya mwenzangu wa bunduki, kidole chake kiko mahali ambapo kidole kikicheza kidogo tu hakuna wa kuirudisha risasi. Kisha mtu akasimama kwenye ile mashua. Akainua mkono. Alikuwa ameshika kopo. Akaligeuza chini juu, kutuonyesha kwamba halina kitu.

Walikuwa wavuvi. Injini ilikuwa imekufa, midomo yao imepasuka kama udongo wa shamba la ndengu. Afande akashusha pumzi ndefu, akatafuta huku na huku, akaniona.

"Kavata," akasema. "Leta pombe yako."

Nikaishusha kwa kamba. Yule aliyesimama akajaza kopo, na kabla hajanywa akampa mwenzake aliyekuwa amelala chini. Sikusikia alilosema, lakini mkono niliutambua. Nikakukumbuka wewe, shimo la mchanga, viatu vyeupe ukingoni. Hao ndio maharamia niliowazamisha, Mutisya. Waambie watu wako.

Meli ilipoingia bandarini kuchukua chakula, nilikimbia kukupigia simu. Nilitaka kukusimulia lile kopo. Nilikuwa nimelipanga mdomoni tangu siku ile, maneno yakiwa tayari.

Ulisema, "Huko mnalala wapi?"

Nikasema tuna chumba chetu.

"Na wanaume?"

"Chao."

"Umbali gani?"

Nikadhani unatania. Nikakwambia kama kutoka jikoni kwenu mpaka sebuleni. Ukasema tuongee siku nyingine, salio lako linaisha.

Simu nilikuwa nimepiga mimi.

Nilipokuja likizo nikakuta umeoa mwalimu. Sokoni ulikuwa umeshatangaza kwamba huwezi kula chakula cha mwanamke wa manowari. Ulimwambia muuza sukari, ulimwambia kinyozi, uliiambia kamati ya kanisa. Baba hukumwambia. Kwa mila, wewe uliyekataa ndiye wa kuja useme mbele ya wazee, upewe mbuzi wako wa maleo, tuachane kwa adabu. Hukuja. Nikamwambia baba tumpelekee tu. Baba akakataa kabisa. "Siwezi kumpelekea mtu jibu la swali hajauliza." Basi mambo yakakaa hivyo. Mwalimu naye alivumilia alivyoweza, kisha akarudi kwao. Simlaumu. Nimesikia hotuba zako.

Mimi nilimaliza utumishi wangu nikarudi Kitui na ujuzi niliopata vitani. Unaujua sasa, ni kutu. Si haba. Kitui nzima ina mageti.

Kwa hivyo nisikufiche, ulinifanya nicheke pale Kathonzweni. Nilicheka mpaka mwenye geti akaniletea kiti. Kicheko kilikauka jioni, baba aliponipigia simu. Akasema mjomba wako amefika Tseikuru na blanketi na sukari, akamwambia, "Mke wetu aje Jumamosi, akae jukwaani, wazee wamtambue mbele ya watu." Baba akamuuliza mke yupi. Mjomba wako akasema, "Si huyu wenu? Kwani maleo ilirudi lini?"

Usidhani naogopa jukwaa. Nimesimama juu ya vitu vinavyoyumba kuliko hilo. Naogopa kaburi. Nimefikia umri wa daktari kunipima presha akinyamaza. Nikifa kesho, wewe ndiye mwenye kunizika, huko Kathonzweni kwenu, na hakuna wa kukuzuia. Utapata mkutano bila kukodi hema. Utashika kipaza sauti, utafuta jicho kavu, utasema mke wangu alizamisha maharamia, na mimi nitakuwa hapo mbele yako kwenye sanduku, siwezi hata kukohoa. Nimelala kwenye vitanda vya ghorofa, nimelala kwenye chuma cha moto, nimelala juu ya mitungi. Mahali pekee ambapo siwezi kulala ni chini ya hotuba yako.

Kwa hiyo kesho yake nilipanda Tseikuru. Zuhura ndiye aliyeniendesha. Siku hizi ana pikapu yake na biashara ya mchele, na tangu aachane na bahari hataki hata kuosha gari akiwa amesimama karibu na maji. Tulimkuta baba zizini akichagua mbuzi, maana sasa swali lilikuwa limeulizwa.

"Baba, tumpeleke yule kilema," nikasema.

"Hapana."

"Basi yule anayekohoa. Watafaana."

"Kavata." Anaponiita hivyo najua nimeshindwa. "Ukipeleka mgonjwa watasema umekataa nusu. Mtu anakataliwa na mbuzi mzima."

Akaingia katikati ya wanyama, akatoka na yule jike mweupe mwenye doa jeusi shingoni, ambaye humfuata mpaka mlangoni pa kanisa na kumngoja nje. Akamshika masikio, akakaa naye hivyo. Zuhura akanikanyaga mguu.

"Baba, huyo si ndiye kipenzi chako?"

"Ndiye." Akaanza kumfunga kamba, mafundo yake ya polepole. "Kwani wewe ni nani kwangu?"

Nikajifanya naangalia matairi ya gari.

Atafika kwako Ijumaa, kabla ya mkutano wako. Analetwa na kaka yangu pamoja na wazee wawili wa kwetu, na watamkabidhi mbele ya mjomba wako na wazee wenu, wenyewe wale waliokuwa wanajiandaa kunitambua. Sasa watamtambua mbuzi. Mimi nitakuwa nimekaa kwenye gari, maana nataka uwe na siku yako. Zuhura ataendesha. Anasema anakuja kuchukua mkono wake.

Kuhusu mabango yaliyobaki, paka rangi upande wangu. Ukiona huwezi, niite. Kufunika vitu vilivyooza ndiyo kazi niliyofunzwa na serikali, lakini nakuonya, kwa hali niliyokuona nayo pale getini, mkono mmoja hautoshi.

Na huyo mbuzi usimvute. Ulivuta wenzake zamani, ukaona. Tembea nyuma yake, atakwenda mwenyewe.

La mwisho, kisha nikuache uendelee kututumikia. Ametoka Tseikuru, ni mbali, na barabara yote ni vumbi. Atashuka kwenye gari ulimi umekauka. Kabla hujaita mpiga picha, kabla hujatafuta la kuwaambia watu, mchotee maji. Mpe yeye kwanza.

Uliwahi kujua kufanya hivyo.

Mimi, mkeo mpaka Ijumaa,

Kavata